Elfu Mia Tatu

Naitwa Kudra, lakini kwenye chumba cha Papa Gaston pale Doornfontein walikuwa wananiita Mama Kolgeti, na aliyenibandika jina hilo ni Enos. Naanza na hapo makusudi, usije ukanionea huruma mbele ya safari, wala ukamwonea yeye. Sijaja kuomba msamaha. Mambo haya yalitokea mwaka 2004, na tangu hapo kila mtu anayasimulia anavyotaka yeye, wakati mimi ndiye niliyekuwa katikati na kila kitu nilikisikia kwa masikio yangu.

Papa Gaston ni fundi saa, mtu wa Lubumbashi. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya karakana ya makochi, na kila Jumamosi saa nane mchana tulikutana pale watu saba au wanane wenye ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kukusanya sarafu za ukumbusho. Wengi wao Wakongo. Wakenya walikuwa wawili, Enos na Kiprotich, wote wafanyakazi wa benki kule Sandton. Mtanzania mimi peke yangu, na mwanamke mimi peke yangu. Kwetu Morogoro. Mume wangu Sipho aliishi kwetu miaka ile ya mapambano na makaburu, tukaoana huko huko, na nchi yao ilipofunguka nikamfuata na watoto. Nina kibanda karibu na Joubert Park, wenyewe wanaita spaza, nauza mikate, sigara, mafuta ya taa na kadi za simu. Sarafu nilianza kuzipenda kwenye droo ya kibanda. Mteja analipa, unatupa jicho, kumbe hii picha yake si ile ya kila siku. Basi unaiweka pembeni, na kesho unajikuta unazitafuta.

Sasa usidhani tulikaa pale kushangaa picha. Tulikuwa tunagombana kuhusu idadi. Mtu anatoa sarafu yake kwenye kitambaa, anatamba kwamba zilipigwa elfu tano tu dunia nzima, basi Papa Gaston anaishusha ile lenzi ya jichoni na kumuuliza ziliuzwa ngapi. Maana kiwanda kinaweza kutangaza elfu tano, wanunuzi wakajitokeza mia nne, na zilizobaki zikarudi kwenye moto. Kwa hiyo idadi ya kutangazwa ni porojo, idadi ya mauzo ndiyo yenyewe. Tulibishana mpaka jasho, watu wazima na akili zao. Likiisha hilo linakuja la pili, imezunguka au haijazunguka? Iliyozunguka ni ile iliyopita mikononi mwa watu, sokoni na kwenye teksi, mpaka uso wake umefutika. Isiyozunguka iko vile vile ilivyotoka kiwandani, na bei yake haishikiki. Maneno hayo tuliyatumia kutwa, hata Denise aliyajua kuliko baadhi yetu.

Denise ni mdogo wake Papa Gaston, wa mwisho kabisa kwao. Alikuwa na miaka ishirini na sita, anasuka nywele saluni moja mtaa wa pili, na Jumamosi akitoka kazini mapema anapita kutuwekea chai. Binti mstaarabu. Wanangu wawili wa kike aliwasuka sijui mara ngapi, na ukimpa hela anakwambia, "Acha, Mama Kudra, siku ingine." Siku ingine yenyewe haikufika hata mara moja.

Yeye na Enos walipendana pale pale mbele yetu, juu ya vikombe vya chai. Enos alikuwa kijana wa kutazamika, simkatalii. Mrefu, suti kila siku hata Jumamosi, gari safi, Kiingereza kinateleza. Na maringo, jamani! Ukisema neno anasubiri umalize, anatabasamu, halafu anakusahihisha.

Siku aliyonipa jina ilikuwa hivi. Nilikuwa na sarafu ya randi tano, zile za kuapishwa kwa rais mwaka 1994. Najua zilitoka kwa mamilioni, usinifundishe. Yangu alinipa Sipho wiki tuliyopata chumba chetu wenyewe baada ya kulala miezi mingi sebuleni kwa dada yake kule Soweto. Alinitia mkononi akaniambia hii usinunulie kitu. Nikaitunza miaka minane. Siku nilipoamua kuipeleka kwa wenzangu niliona imefifia, basi jioni yake nikachukua mswaki wa zamani na dawa ya meno, nikaisugua mpaka ikawaka. Nilikuwa sijui. Mkusanyaji haisafishi sarafu yake hata siku moja, ukiisugua umeiua, lakini hilo mimi nani angeniambia kule kibandani?

Enos aliishika kwa vidole viwili, akaweka lenzi jichoni, akaangalia muda mrefu sana. Kisha akainusa. Aliinusa, wallahi, mbele ya watu, akasema ina harufu ya minti. Chumba kizima kiliangua kicheko. Papa Gaston alicheka mpaka akashika meza. Enos akanirudishia akisema asante sana, Mama Kolgeti, sasa hata meno ya rais yatakuwa meupe. Na mimi nikacheka! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilicheka nao, wakati uso ulikuwa unaniwaka na machozi yananing'inia.

Jina likaganda. Kiprotich akalitumia, Wakongo wakalitumia, likashuka ngazi likafika karakana ya makochi, na baada ya miezi miwili watoto wa Joubert Park walikuwa wanakuja dirishani kwangu kuomba mkate kwa Mama Kolgeti. Sipho alipolisikia aliuliza maana yake. Sikumwambia. Hata sarafu yenyewe sikuweza kuitazama tena, nikaifungia kwenye kopo la majani ya chai. Mimi hasira zangu haziruki juu zikaisha. Zinakaa chini zinaiva.

Mwaka 2004 Enos akapeleka posa. Baba yao Denise alishafariki, kwa hiyo mkubwa ni Papa Gaston, na Wakongo posa yao ina orodha. Wanakuandikia karatasi kila kitu wanachotaka, suti ya mjomba, vitenge vya mama na mashangazi, mbuzi, sufuria, chumvi, kreti za soda, unaleta chote siku moja mbele ya ukoo na wanakagua kimoja kimoja. Kikipungua hata kimoja, wanaweza kukwambia rudi nyumbani. Enos aliisoma orodha pale pale chumbani akitikisa kichwa kwa dharau kidogo, kama mtu anayeangalia bili ya hoteli ya bei nafuu. Lakini namba kumi na moja Papa Gaston aliiandika kwa mkono wake mwenyewe: sarafu moja ya ukumbusho, isiyozunguka, ya aina ambayo ziliuzwa zisizozidi elfu mbili.

Tulicheka tukidhani ni utani. Papa Gaston hakucheka. Alisema mbuzi mtu yeyote mwenye hela anamnunua, lakini anayemchukua mdogo wake lazima awe na jicho, na jicho halinunuliwi. Akatupiga marufuku wote, asiwepo wa kumwazima Enos sarafu yake. Mwenyewe akaapa kwamba namba kumi na moja isipotimia, arusi hakuna. Denise alikuwa amesimama na birika mkononi. Nilimwona akimtazama Enos, na Enos akamkonyeza, kwamba hilo dogo.

Halikuwa dogo. Wiki saba Enos alizunguka maduka ya sarafu ya Sandton na Rosebank, na kila aliyoipata ya idadi hiyo ilikuwa na bei ya kukufanya ukae chini. Hela alikuwa nayo, ila ubahili wake ulikuwa mkubwa kuliko mshahara wake. Mwishoni mtu akamwambia kuna mama wa Kikongo, Mama Victorine, anatandaza sarafu za nchi za mbali kwenye soko la Jumapili kule Bruma. Kiingereza hajui, ni Kifaransa na Kiswahili cha Lubumbashi tu, na akiona kijana wa suti anapandisha bei. Basi Enos akaja kibandani kwangu. Ndiyo, kwangu! Mpole, mikono nyuma, ananiomba nimsindikize nikamsaidie kupatana, maana mama mtu mzima na mama mwenzie wataelewana.

Nikakubali. Nikwambie kweli, nilidhani ndani ya gari ataniomba radhi. Toka Joubert Park mpaka Bruma, kila tukisimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, nilisema kimoyomoyo, sasa. Alizungumzia viti vya gari lake, ngozi halisi.

Mama Victorine alikuwa bibi mnene, kilemba cha njano, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Enos akanitambulisha kwake kwa sauti ya kusikika hata meza ya jirani, kwamba huyu anaitwa Mama Kolgeti, bingwa wetu wa usafi, umwangalie vizuri asije akakusugulia mali yako. Bibi hakuelewa, akatabasamu kwa heshima.

Enos alipekua, akaikuta sarafu moja nzuri kweli, ya kisiwa kimoja huko Pasifiki, ukumbusho wa kuingia mwaka elfu mbili, jua linachomoza baharini. Haijazunguka, bado iko kwenye kasha lake la plastiki. Akamuuliza bibi kama anajua ziliuzwa ngapi. Bibi akasema anajua, mzungu aliyemuuzia alimwonyesha karatasi.

"Baliuzisha elfu mia tatu, papa," akasema.

Enos akaganda. Akarudia polepole, "Elfu, mia tatu?"

"Ee. Elfu mia tatu."

Sasa nisikilize vizuri, maana kila kitu kimejificha hapo. Sisi Watanzania hiyo ni laki tatu, basi, hatuna maneno mengi. Wakenya nao laki wanaijua. Wakongo wale hawana laki, hawajawahi kuwa nayo. Wao laki tatu ni elfu mia tatu, yaani maelfu mia tatu. Mimi nimekaa nao jengo moja miaka kumi, nanunua na kuuza nao, hilo nimelizoea kama kuta za chumba changu. Enos hesabu zake zote anazifanya kwa Kiingereza, na Kiswahili cha namba kinamwingia vipande vipande. Alisikia elfu, akasikia mia tatu, akaunganisha mwenyewe. Elfu moja na mia tatu. Niliona kabisa pale hesabu ilipokaa kichwani mwake, maana macho yalimtoka.

Bei ilikuwa randi tisini. Kwa sarafu ya watu elfu moja na mia tatu dunia nzima, randi tisini! Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Enos hakushtuka, alifurahi. Alidhani bibi hajui alichokalia, na yeye ndiye mjanja wa kumchomoa. Akapatana mpaka sabini. Alikuwa anamwibia yule bibi, moyoni mwake alikuwa anamwibia, na noti alizitoa haraka haraka.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni kwangu. Nilikuwa naanza kusema, Enos mwanangu, subiri kwanza. Yeye akanigeukia, akaisogeza sarafu mbali nami huku anacheka, akasema ataibeba mwenyewe, maana ikifika mikononi mwangu itarudi inanuka minti.

Nikalimeza neno. Nikamwambia, "Hongera." Ndilo nililosema.

Angeweza kukagua. Kompyuta ilikuwa mezani kwake kazini, kubonyeza tu. Lakini mtu aliyeamini amemwibia bibi kizee hataki kwenda kukagua, anataka kukaa kimya na furaha yake. Hakutuonyesha hata Jumamosi zilizofuata, alisema itaonekana siku yenyewe.

Wiki tatu nilikuwa na nafasi. Nisidanganye kwamba nilisahau. Niliamka nayo na kulala nayo, na nikwambie ukweli mbaya, nilikuwa nasikia raha. Nilijiona nimeshika kitu chake, kama yeye alivyoshika changu siku ile. Nilipanga nitamwambia siku moja kabla, nimwone anavyohaha mjini akitafuta nyingine. Siku moja kabla ikafika, nikajiambia acha, atapewa mwezi mmoja zaidi, aibu kidogo haiui mtu.

Wiki ya mwisho Denise alikuja kibandani na kitenge chake cha posa, cha kijani chenye ndege, anataka nimwambie kama mshonaji amekibana sana. Akajizungusha pale mbele ya magunia ya unga wa mahindi. Kisha akainama dirishani akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu Enos alimwambia nilikuwapo.

"Mama Kudra, ile sarafu uliiona. Ni ya kweli? Gaston ataikubali?"

Nikamjibu kwamba ni nzuri sana, inang'aa. Akanishika mkono akaubusu. Nilipaswa kumwambia hapo. Nilipaswa, na sikumwambia.

Posa ilifanyika Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa sita mchana, nyumbani kwa shangazi yao, Tantine Jeannine, ghorofa ya saba Joubert Park. Watu walijaa mpaka kwenye korido. Enos alikuja na Kiprotich kama msemaji wake, na Wakenya wengine watano wamebeba mizigo. Denise alikuwa chumbani na wasichana wenzake, haruhusiwi kutoka mpaka mali ikubaliwe. Wakaanza kukagua. Suti ya mjomba, ndiyo. Vitenge, vikahesabiwa, ndiyo. Hela ya mbuzi, ndiyo. Kila ndiyo akina mama wanapiga vigelegele. Namba kumi na moja, Enos mwenyewe akasimama, akainama mbele ya Papa Gaston, akampa lile kasha kwa mikono miwili.

Papa Gaston alikuwa amejiandaa. Aliazima kwa rafiki yake mmoja kitabu kile kinene cha sarafu za dunia nzima, chenye idadi zote. Akaweka lenzi jichoni, akaigeuza sarafu pande zote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua kitabu, akapekua mpaka kwenye kile kisiwa, akashusha kidole. Kidole kikasimama.

"Hapa banaandika elfu mia tatu," akasema.

Na Enos akatabasamu! Akatanua mikono kama mtu anayepokea makofi. "Ndiyo, Papa. Elfu mia tatu. Wewe uliomba isizidi elfu mbili."

Niliona Papa Gaston anavyobadilika rangi. Alidhani anachezewa. Mtu anamletea takataka, anakubali ni takataka, na anacheka mbele ya ukoo wake mzima. Akamuuliza Enos taratibu kama anadhani watu wa Lubumbashi hawajui kuhesabu. Enos haelewi, bado anatabasamu. Ni Kiprotich aliyesogea akachungulia kitabu, akamwita Enos kando, akamwonyesha zile sifuri kwa kucha ya kidole. Tabasamu likatoka usoni kwa Enos taratibu, kwanza macho, halafu mdomo.

Akaanza kujieleza. Kiswahili kikamkatika, akachanganya Kiingereza. Kwamba aliambiwa elfu moja na mia tatu, Mama Victorine wa Bruma alimwambia hivyo kwa kinywa chake. Papa Gaston akamjibu kwamba Mama Victorine ni mtu wa kwao, anamfahamu, hajawahi kumdanganya mtu, kwa hiyo mwongo ni mwingine. Watu wakaanza kunung'unika. Tantine Jeannine akawa anauliza kuna nini. Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo, Denise akasimama pale na kitenge chake cha kijani.

Hapo Enos akanielekezea kidole. Akasema, muulizeni mama huyu, alikuwapo, alisikia kila kitu.

Watu wote wakanigeukia. Ilikuwa rahisi. Ningesema tu, alisikia vibaya, ni mambo ya lugha, kosa la mtu yeyote. Papa Gaston angenguruma kidogo, angempa mwezi mmoja, tungekula, tungekwenda nyumbani. Enos alinitazama kwa macho ya kuomba. Ndiyo macho niliyoyasubiri miaka miwili, na nilipoyaona hayakunitosha.

"Alisema laki tatu," nikasema. "Enos akasema sawa, akatoa hela."

Lilikuwa kweli ukiliangalia kwa hesabu peke yake, na lilikuwa uongo mtupu.

Enos alinitumbulia macho. Akamtazama Papa Gaston ambaye tayari alikuwa anamrudishia kasha. Akasikia mtu pale nyuma anamwita tapeli. Na kijana yule, ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kuchekwa, akapandwa na wazimu. Akasema kwa sauti ya kutulia kabisa, ile ile aliyokuwa anatusahihishia:

"Papa Gaston, usinifundishe idadi. Mimi nimekubali kulipa bei ya isiyozunguka kwa iliyozunguka mtaa mzima wa Hillbrow, na sijakuuliza imepita mikono mingapi."

Mashangazi hawakuelewa, walikuwa wanatazamana, wanauliza amesema nini, nini kimezunguka. Hakuna aliyewatafsiria. Sisi wa Jumamosi tulielewa nani anasemwa. Kiprotich alifunga macho. Papa Gaston alikaa chini kwenye kiti na kitabu mapajani, mdomo wazi. Na Denise, aliyetumiminia chai miaka mitatu huku tukiyatamka maneno hayo juu ya kichwa chake, alielewa kabla ya wote.

Hakulia. Alitoka mlangoni akapita katikati ya watu mpaka nilipokaa.

"Mama Kudra, Mama Victorine alisema laki?"

Nikasema ndiyo.

"Neno lenyewe, laki?"

Nikatazama ndege wa kitenge chake.

"Kwetu hakuna mtu anasema laki. Miye hilo neno nililisikia kwako, ku kibanda chako." Hakupaza sauti. "Alisema namna gani?"

"Alisema elfu mia tatu."

"Na Enos alisikia ngapi?"

"Elfu moja na mia tatu."

"Na wewe ulisikia ngapi?"

Ningeweza kudanganya tena, lakini alikuwa karibu mno, nanusa mafuta ya nywele zake. "Laki tatu," nikasema.

Enos alishusha pumzi kwa nguvu. Jamani, alifurahi! Uso wake ulirudi kama zamani, akamsogelea Denise huku mikono imetanuka, anasema umesikia, umesikia mwenyewe, sikudanganya, wote mmesikia. Alikuwa ameshasahau alichokisema dakika moja nyuma, au alidhani kimefutika pamoja na lile kosa.

"Nimesikia," Denise akamjibu. "Juu ya sarafu hukudanganya. Enda, Enos."

Enos alimwita mara mbili, kwa jina, kisha kwa majina yale yao ya siri ambayo hakuna mtu aliyetaka kuyasikia. Denise alikuwa ameshampa mgongo. Papa Gaston hakutoa amri yoyote, hakuwa na haja. Wakenya wakaanza kuokota mizigo, suti, sufuria, vitenge, wanagongana mlangoni. Enos alitoka wa mwisho. Sarafu aliiacha mezani, na hadi leo sijui nani aliichukua.

Nilitaka kuondoka pia. Nilikuwa naona aibu ambayo sijawahi kuiona, mwili mzima, hata viganja. Lakini njia ya kwenda mlangoni ilipita mbele ya watu wote, nikabaki nimekaa. Tantine Jeannine akafuta uso, akasema wali umeiva, nyama imeiva, chakula hakitupwi, wageni waketi wale. Akina mama wakaanza kusogeza meza.

Denise akachukua jagi na beseni. Akaanza na wazee, akapita kila mtu, ananawisha mikono bado amevaa kitenge chake cha posa. Nilidhani atanipita. Hakunipita. Alipiga goti moja mbele yangu, akamimina maji ya vuguvugu taratibu, akanipa sabuni, akasubiri nimalize, akanipa taulo. Kisha akanipakulia mwenyewe, sahani imejaa, nyama ya mguu juu. Hakunitazama usoni hata mara moja.

"Karibu, mama," akasema. Akaniuliza kama naweka pilipili.

Nikasema kidogo. Akaweka kidogo, akaenda kwa mwingine, na mimi nikala.